Treki ya tisa ilivyonikatalia

Waimbaji walikuwa kumi na mmoja, maiki zilikuwa nane, na nilidhani hesabu imekaa sawa. Saundi kadi yangu ilikuwa na matundu nane ya maiki, na programu ya kurekodi iliyokuja nayo bure ndani ya boksi ilikuwa na treki nane, yaani njia nane, kila sauti na yake. Tukarekodi wimbo mzima bila tatizo. Ndipo kiongozi wao, mama mmoja mwenye sikio kali kuliko langu, akaniambia, "Mwanangu, ubeti wa pili sauti ya pili imepwaya. Hatuwezi kuimba tena juu ya hii?"

"Tunaweza, mama," nikajibu, nikabofya kuongeza treki.

Kikatokea kisanduku katikati ya kioo: umefikia kikomo cha toleo hili. Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kufunga ujumbe, kingine cha kwenda kununua. Watu kumi na mmoja wamesimama, wananitazama mgongo.

Nikafanya nilichojua. Nilichukua treki nne za sauti ya kwanza na ya tatu nikazibaunsi, yaani nikazipika pamoja zikawa treki moja ya stirio, kisha nikafuta zile nne. Nafasi zikapatikana, wakaimba juu yake, mama akaridhika, wakaondoka. Mtu makini angehifadhi kwanza nakala ya mradi kabla ya kufuta chochote. Mimi nilikuwa na haraka ya mtu anayetazamwa.

Usiku, hedifoni masikioni, nikasikia kiti. Mtu aliegemea kiti katikati ya ubeti wa pili kikalia kwiii, na kwa jinsi mlio ulivyokaa upande mmoja, ni maiki moja tu iliyoudaka vizuri. Treki zingekuwa bado zimetengana, ningeishusha maiki ile kwa nusu sekunde na hakuna ambaye angejua. Sasa mlio ulikuwa umeshalowana na sauti za watu wanne. Nilijaribu kuukata kwa ekwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba, waimbaji wakawa kama wanaimba ndani ya debe. Nikaurudisha. Kiti kile kimo kwenye wimbo mpaka leo, na kila nikiusikia ninakisubiri.

Nimelitafakari sana jambo hilo baadaye. Kikomo cha treki nane hakikunizuia kumaliza kazi. Kilinilazimisha kuamua mapema jambo ambalo masikio yangu hayakuwa yamelisikia bado. Hiyo ndiyo gharama ya programu ndogo, na haiandikwi popote kwenye jedwali la kulinganisha matoleo.

Hapo kuna neno linalonisumbua. Kwa Kiswahili tunasema "toleo" kwa vitu viwili tofauti. Programu ikitoka upya baada ya mwaka au miwili, hilo ni toleo jipya. Programu hiyohiyo ikigawanywa, ya wanaoanza, ya kati, na ile yenye kila kitu, nayo tunaita matoleo. Niliwahi kumuuliza prodyuza mmoja rafiki yangu, "Kaka, una toleo gani?" Akasema, "La 12." Mimi pia nina la 12. Nikamtumia mradi mzima. Kuufungua, nusu ya plagini, vile vifaa vya sauti vinavyofanya kazi ndani ya programu, hazina sauti, kwa sababu la 12 lake lilikuwa dogo na langu kubwa. Tangu siku hiyo migawanyo hii naiita madaraja, kama ya treni, na nitaendelea kuiita hivyo.

Basi, baada ya kisa cha kiti nikajipa dawa ya haraka: nunua daraja la juu kabisa, usije ukakataliwa tena na kisanduku. Sikusubiri hadi kesho nikatafakari. Nilinunua kwa hasira.

Kupakua kulikula usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata. Programu yenyewe ni ndogo. Mzigo ulikuwa kwenye maktaba ya sauti: piano za kila aina, vinanda vya kale, okestra, ngoma zisizo na idadi. Maktaba kamili ya Suite, daraja la juu la programu ya Live ya kampuni ya Ableton, kwa mfano, inapita gigabaiti 70, na yangu haikuwa mbali na hapo. Diski ya kompyuta ilikuwa ya gigabaiti 256, tayari imebeba rekodi za miaka mitatu. Kufikia jioni mstari wa diski ulikuwa mwekundu, na kompyuta ikaanza kukwamakwama hata ninapocheza faili moja. Nikahamisha rekodi zangu kwenye diski ya nje ili okestra ipate pa kukaa. Naomba usome sentensi hiyo tena. Kazi niliyofanya kwa mikono yangu ilitolewa nje ili kupisha fidla ambazo sijawahi kuzigusa.

Maana kazi yangu ni sauti za watu: usomaji wa vitabu, mahojiano, vikundi vya waimbaji. Mara chache sana natunga kitu, na kikubwa nilichowahi kutunga ni muziki wa kufungulia kipindi cha mazungumzo, sekunde nane. Kwa sekunde nane hizo, katika programu yangu mpya, nilikaa saa mbili na dakika kadhaa nikichagua mlio wa ngoma. Kulikuwa na mamia. Kila mmoja mzuri kuliko uliopita, kisha ule uliopita unakuwa mzuri tena. Rafiki yangu yule wa toleo la 12 alipita akanikuta hapo. Akasikiliza kidogo, akasema, "Ndugu yangu, umekodi basi zima na abiria ni wewe peke yako." Akaenda zake.

Maneno yale yaliniuma ndiyo maana nikachukua daftari. Nikalichora safu mbili. Ya kwanza niliandika "nimegusa", ya pili "nimekwama". Kwa wiki nane, kila nilipomaliza kazi, niliandika vitu vya programu nilivyovigusa siku hiyo, na mahali niliponasa. Si kazi kubwa, dakika mbili tatu kabla ya kuzima kompyuta, lakini inahitaji ukweli. Kitu ulichokifungua kukitazama tu usikihesabu kuwa umekigusa.

Wiki nane zikaisha. Safu ya kwanza ilikuwa na vitu vichache kuliko vidole vya mikono. Kukata na kuunga, hicho kila siku. Ekwalaiza ya kawaida, kompresa ya kawaida ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, mwangwi kidogo kwa waimbaji. Plagini moja ya kampuni nyingine ya kuondoa mvumo wa feni. Njia za kupeleka treki kadhaa sehemu moja ili nizipandishe na kuzishusha pamoja. Kutoa faili la mwisho. Okestra haikuwemo hata mara moja. Safu ya pili ilikuwa na jambo moja lililojirudia mara tatu: nilipewa video fupi nitie sauti ya msimulizi, na nilipenda jinsi dirisha la video lilivyokaa juu ya treki nikaona midomo na mawimbi ya sauti kwa pamoja. Sikukwama, ila niliandika pale kwa sababu katika programu yangu ya kwanza ningekwama.

Daftari lilinionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Treki nyingi nilizowahi kufungua katika wiki zile nane ni kumi na nne. Kumi na nne tu, na nilikuwa nimenunua "bila kikomo".

Nikarudi kwenye yale majedwali ya kulinganisha madaraja, safari hii nikiyasoma kwa daftari mkononi, nikaona kampuni hukata programu zao kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni idadi. Live Lite ina treki 8, Live Intro 16, kuanzia Standard hakuna kikomo. Pro Tools Intro, ile ya bure, inakupa treki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za midi, yaani za maelekezo ya noti badala ya sauti yenyewe, na daraja linalofuata, Artist, linafika 32 za sauti. Idadi ndiyo huandikwa juu kabisa ya jedwali kwa sababu ni rahisi kuiona na rahisi kuiogopa. Ukijua kazi yako inataka treki ngapi siku yake mbaya kuliko zote, ongeza theluthi, suala hilo limekwisha.

Namna ya pili ni vyombo: ala, maktaba, plagini za mwangwi za kifahari, Max for Live inayokuja na Suite kwa wanaopenda kujijengea vifaa vyao. Hivi ndivyo hupandisha bei ya daraja la juu, na ndivyo unavyoweza kuvipata kwingine kimoja kimoja utakapovihitaji. Anayetunga muziki wa filamu peke yake chumbani atakuwa na maoni tofauti na yangu hapa, na atakuwa na haki yake. Kwake okestra ni jembe.

Namna ya tatu ndiyo ya kusoma kwa miwani. Ni milango. Mlango ama upo ama haupo, na ukikosekana hakuna hila ya kuzungukia. Kwa miaka mingi daraja la chini la FL Studio, Fruity Edition, lilikuwa la kupanga ala na midi. Aliyetaka kurekodi sauti ya mwimbaji alianzia Producer Edition. Studio One Artist, kabla ya toleo la 5, haikupokea plagini za kampuni nyingine bila nyongeza ya kulipia, maana yake ile plagini yangu ya kuondoa mvumo ingebaki nje mlangoni. Katika Cubase, kurekebisha noti za mwimbaji kwa VariAudio kulikuwa kwa daraja la Pro peke yake hadi toleo la 12 lilipolishusha jambo hilo hadi daraja la Artist. Unaona milango inahama. Ushauri wa mtu aliyenunua miaka minne iliyopita unaweza kuwa wa kweli kabisa na usikufae, kwa hiyo jedwali la leo lisome mwenyewe.

Mimi milango yangu ilikuwa mitatu: kurekodi maiki nane kwa wakati mmoja, kupokea plagini za nje, na dirisha la video. Nilipopitisha kidole kwenye jedwali la programu yangu, yote mitatu ilikuwa wazi katika daraja la kati. Nilikuwa nimelipia ghorofa nzima ya juu yake. Kushuka hakuna, wanapanda tu. Nilipoandika kuomba kurudishiwa tofauti nilijibiwa kwa upole mkubwa kwamba haiwezekani. Ndiyo maana siku hizi nasema uanzie chini na upande, maana kampuni nyingi hukuhesabia ulichokwisha kulipa unapopanda daraja.

Halafu kuna kipindi cha majaribio, ambacho kina mtego wake. Ukijaribu Live, unachopewa ni Suite. Kampuni nyingine nazo hufanya vivyo hivyo, na kwao ni busara. Wiki nne unakula kwenye meza ya juu, mkono unazoea, unaanza mradi kwa ala za daraja la juu, siku zinaisha, na mradi uko katikati. Hapo hununui programu, unakomboa mradi wako. Nami ninapojaribu, kwanza nafungua jedwali, nachagua daraja ninaloliwazia, kisha naandika kwenye karatasi vitu ambavyo havimo, naibandika pembeni ya kioo. Vile vilivyo kwenye karatasi sivigusi hata kwa bahati mbaya.

Pia sijaribu kwa kitu kipya. Kitu kipya ni mchezo, na katika mchezo kila programu ni nzuri. Nachukua kazi niliyokwisha kuifanya na kuikabidhi, naifanya upya kuanzia faili ghafi hadi faili la mwisho lenyewe. Wimbo wa kiti nimeufanya upya katika programu nne, kwa zile treki saba nilizobaki nazo. Hapo ndipo utajua kama njia ya mkato ya kukata sauti inakaa vidoleni, kama programu inakubali kutoa faili kwa namna mteja anavyotaka, kama kompyuta yako inahema. Angalia tu masharti ya majaribio yenyewe. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi mradi na kutoa faili la sauti, lakini mradi uliohifadhi haufunguki tena mpaka ulipie, kwa hiyo kazi ianze na iishe bila kufunga. Reaper, programu nyingine, inakupa siku 60 ikiwa kamili.

Na kuhusu Reaper, niseme wazi kwamba ninaipenda kwa sababu imekataa mchezo wote huu wa madaraja. Programu ni moja. Leseni ni mbili, ya punguzo na ya biashara, na kinachozitofautisha ni kipato na matumizi yako, wala si vitufe. Logic Pro ya Apple kwa kompyuta za Mac nayo haina madaraja. Studio One ilipofika toleo la 7 mwaka 2024 ilifuta madaraja yake ikabaki moja. Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000, na kwa mtu anayerekodi sauti yake mwenyewe na kukata makosa, sioni sababu ya kumtoa hapo. Nimewahi kumshauri msomaji wa vitabu abaki na Audacity, akaniangalia kama ninamnyima kitu. Watu wanapenda kuambiwa wanunue.

Kuna waliowahi kuniuliza kama sauti inakuwa bora ukipanda daraja. Hapana. Rekodi maiki ileile, chumba kilekile, toa WAV, faili la sauti lisilobanwa, kwenye daraja la chini na la juu la programu moja bila kugusa plagini, na masikio yako hayatapata tofauti. Godoro kuukuu nililolisimamisha nyuma ya msomaji lilibadilisha sauti ya kazi zangu kuliko programu zote nilizonunua.

Leseni nitaipitia upesi kwa sababu inachosha, lakini ipitie. Kuna ya kununua moja kwa moja na kuna ya kulipia kila mwezi au mwaka. Ya kulipia kwa mwezi ni nzuri kwa kazi ya miezi mitatu ambayo haitarudi. Ukiacha kulipa, faili zako zinabaki, programu ya kuzifungua haipo, na mteja wa mwaka juzi akirudi kutaka sentensi moja ibadilishwe utalipia mwezi mzima kwa sentensi moja. Yamenikuta. FL Studio hukupa masasisho maisha yote baada ya kununua. Bitwig hukupa ya miezi 12, kisha unabaki na toleo ulilofikia. Uliza pia leseni inaishi wapi. Cubase Pro ilikuwa ikidai kijiti cha USB chenye leseni hadi mwaka 2022, na kijiti kikipotea ilikuwa msiba. Siku hizi leseni nyingi zimo kwenye akaunti ya intaneti, na idadi ya kompyuta inahesabiwa. Kabla ya kuuza au kufuta kompyuta, toa leseni kwanza. Mimi nilifuta kwanza.

Kuhusu kufanya kazi na wengine, nilikuwa nikiamini kwamba lazima niwe na daraja walilo nalo. Baada ya kisa cha toleo la 12, mimi na yule rafiki yangu tukaacha kabisa kutumiana miradi. Tunatumiana WAV. Kila treki inatolewa peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya tatu, zote kwa kiwango kimoja, 48 kHz na biti 24, na jina la faili linasema ni nani anaimba. Ukiziburuta kwenye programu yoyote, ya daraja lolote, zinakaa mahali pake. Unapoteza mipangilio ya plagini, ndiyo. Lakini unayempelekea atakuwa na mipangilio yake, na mara nyingi, nakiri, ni bora kuliko yangu.

Mwisho wa yote nilibaki na daraja langu la juu, kwa kuwa limeshalipiwa, ila nililivua nguo. Nilifuta maktaba yote isipokuwa piano moja na ngoma seti mbili. Rekodi zangu zikarudi nyumbani kwenye diski ya ndani. Mama wa kwaya alirudi mwaka uliofuata na kundi lake, safari hii wakiwa kumi na watatu, tukatumia treki kumi na moja, na kabla ya kuanza nikaviondoa viti vyote chumbani. Wakaimba wamesimama. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni mambo ya kiufundi.

Daftari bado ninaliandika, si kila siku, ila kila mwaka nachukua wiki nane. Juzi nimepata tangazo kwamba toleo jipya limetoka, punguzo ni la siku tano, na kuna hesabu ya saa inayorudi nyuma kwa rangi nyekundu. Nikafungua daftari kwenye safu ya "nimekwama". Mwaka huu ina mistari miwili. Yote miwili ni kebo ya maiki namba tatu.